Gari ya zamani inasumbua? Jua tatizo kwanza kabla hujanunua spea

Wenye magari ya zamani tunajuana. Gari ikianza kusumbua tu mtu anakimbilia plagi, hazijasaidia anaenda koili, hazijasaidia anabadilisha pampu ya mafuta, mwishowe nusu ya injini ni mpya na gari bado inamisi (silinda inaruka, haiwaki kila zamu yake) vilevile, kumbe ni kipaipu cha mpira kimepasuka nyuma ya manifodi (yale mapaipu ya kuingiza hewa kwenye injini) huko ambako hakuna aliyechungulia. Kwahiyo hapa sifundishi kufungua injini, nafundisha kutafuta. Ukishajua tatizo liko wapi kazi ya kubadilisha unaweza kumwachia fundi, ila usikubali kifaa kitolewe kabla hakijapimwa.

Vifaa vya kuwa navyo: multimita hata ile ndogo kabisa, tochi, jeki na stendi zake (usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni "mara moja tu"), na skana ndogo (kifaa cha kusoma namba za makosa kwenye kompyuta ya gari) kama gari yako ina soketi ya kuisomea. Ukiinama kwenye injini inayowaka vua tai, kunja mikono ya shati, na kumbuka feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata kama umeshazima gari.

HATUA YA 1: Uliza "lini" kabla ya "nini"

Usifungue boneti kwanza. Chukua simu andika: inatokea ikiwa baridi au ikishapata moto? Ikiwa silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) umesimama au ukikanyaga mafuta? Ukikata kona? Ukipita kwenye shimo? Ukikanyaga breki? Ilianza ghafla au imekuja polepole? Na swali ambalo watu wanalisahau, je kuna mtu aliigusa gari siku chache kabla haijaanza? Kama juzi ilibadilishwa filta ya hewa na leo haitulii silensa, anzia pale pale mkono wa mtu ulipopita, mara nyingi kuna paipu haikurudishwa au soketi haijakaa.

Kwa milio kuna mtihani rahisi sana. Simamisha gari, weka nyutro, piga resi taratibu. Mlio ukiongezeka na resi basi uko kwenye injini au vitu vinavyozungushwa na belti. Kama ukisimama hakuna kitu, ila ukitembea upo, na ukiweka nyutro gari ikawa inaserereka yenyewe bado upo, hapo ni upande wa magurudumu. Fanya sehemu tambarare isiyo na magari, na usizime injini gari ikiwa kwenye mwendo maana usukani na breki vitakuwa vigumu.

HATUA YA 2: Macho na pua

Injini ikiwa baridi, gari iko sehemu ya bapa, angalia oili kwenye stiki. Iko chini? Ina rangi ya maziwa au chai ya maziwa? Kama ni stiki yenyewe ina maziwa basi maji yameingia kwenye oili, usiiwashe tena. Ila ukikuta uji mweupe kidogo tu chini ya kifuniko cha oili na gari yako inatembea safari fupi fupi, hiyo mara nyingi ni unyevu tu, usipige kelele bado.

Laza boksi la karatasi chini ya gari usiku kucha. Asubuhi linakwambia mengi: kahawia au nyeusi ni oili ya injini, nyekundu mara nyingi ni oili ya gia boksi ya otomatiki au ya pawa stelingi, kijani au pinki yenye harufu tamutamu ni kulanti (maji ya kupozea injini), maji matupu chini ya eneo la AC ni kawaida kabisa. Kitu cheupe-njano kinachoteleza, upande wa ndani wa tairi, ni mafuta ya breki na hiyo gari isitoke hapo.

Alafu bonyeza mipira ya maji kwa vidole. Mpira mzima unarudi, uliochoka umekuwa mgumu unapasuka mistari au umelainika kama umeloa. Fuata na vile vipaipu vyembamba vya vakyumu (vya mvuto wa hewa wa injini). Gari ya miaka ishirini na kitu, mpira ndo adui yako wa kwanza, na waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini na bodi) ni wa pili.

HATUA YA 3: Haiwaki

Gawa mara mbili: starta inazungusha injini au haizungushi? Watu wanasema "haiwaki" kwa yote mawili na fundi anaanza kuhangaika sehemu isiyo yake.

Haizungushi. Washa taa kubwa alafu piga starta huku mtu anaangalia. Taa zikizimika kabisa au zikififia sana, umeme hautoshi, ni betri au vichwa vyake. Ukisikia tikitikitikitiki ya haraka ni jambo hilohilo. Taa zikibaki zinawaka vizuri na ukasikia "tak" moja tu, angalia starta na solenoidi yake. Taa zinawaka na hakuna hata sauti, basi umeme haufiki starta: swichi, fyuzi, rilei, au kwa otomatiki ile swichi ya gia, jaribu kuwasha ukiwa kwenye N badala ya P, ikikubali umeshapata jibu.

Multimita kwenye betri iliyopumzika masaa kadhaa: volti 12.6 imejaa, 12.4 sio mbaya, 12.0 imeisha. Wakati wa kupiga starta ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka hata kama ikitulia inaonyesha 12.6. Gari ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu altaneta haichaji (angalia belti kwanza!), ikipita 15 regyuleta imekufa na itakuchemshia betri na balbu.

Sasa hii ndo watu wengi wanaruka na ndo inamaliza matatizo ya ajabu ajabu ya magari ya zamani. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo ya risasi ya betri hasi, nguzo yenyewe sio kile kichwa kilichofungwa juu yake, ncha nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, alafu mtu apige starta. Isomeke karibu na sifuri, mbili ya kumi ya volti ni sawa. Ikifika nusu volti au zaidi, waya wa ethi umeoza au umelegea, umeme unahangaika kurudi. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri mpaka nati kubwa ya starta. Kuna starta nyingi zimetupwa zikiwa nzima kwasababu ya waya tu.

Betri inaisha ukilaza gari? Zima kila kitu, chomoa waya wa hasi, pitisha multimita kwenye ampea katikati ya waya na betri, subiri kama nusu saa vitu vilale. Ikizidi miliampea 50 kuna kitu kinanyonya, toa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Usipige starta wala kuwasha swichi multimita ikiwa imekaa hivyo, utaiunguza.

Inazungusha ila haishiki. Injini ya petroli inataka mafuta, moto (cheche ya plagi), hewa na kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kwa wakati wake. Washa swichi bila kupiga starta usikilize kwa nyuma, magari mengi ya injekta pampu inalia "zzzz" kama sekunde mbili alafu inanyamaza. Kimya? Fyuzi, rilei, alafu pampu. Pampu inalia na baada ya kupiga starta muda mrefu unasikia harufu kali ya petroli kwenye ekzosi, mafuta yapo, angalia cheche za plagi. Injekta ikiwa imejaza mafuta sana, kanyaga pedali mpaka chini huku unapiga starta, magari mengi yanakata mafuta ukifanya hivyo na injini inajikausha.

Ikiwa injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, wiiiiii bila ule mdundo wake, acha hapo hapo. Inawezekana taimingi belti imekatika na kwenye injini nyingi ukiendelea kuzungusha valvu zinagongana na pistoni.

Na ile ya gari inayozima ikipata moto, ukisubiri ikapoa inawaka kama hakuna kilichotokea? Wa kwanza kumshuku ni sensa ya krenki (inayoiambia kompyuta injini inazunguka), na kwa magari ya kizamani zaidi ile moduli ya ignisheni kwenye distribyuta. Pima moto wa plagi wakati ule ule ulipozima, usisubiri ipoe, ikipoa ushahidi umeondoka.

HATUA YA 4: Inamisi, haina nguvu, silensa inapanda na kushuka

Kama ina soketi ya OBD2 (ile ya kuisomea niliyoitaja juu) anza na skana. Marekani magari yote madogo kuanzia modeli ya 1996 yanayo, Ulaya ya petroli kuanzia 2001. Ila soma namba kwa akili. P0301 inasema silinda namba 1 inamisi, haisemi plagi wala koili. Kama koili ni za moja moja juu ya kila plagi, hamisha koili ya 1 uipeleke 3, futa namba, tembea. Ikirudi P0303 koili ndo mbaya. Ikibaki P0301 koili iko safi, hamisha plagi ufanye hivyo hivyo, alafu injekta. Hujatumia hata senti na umeshajua.

P0171 nayo inaponza watu. Inasema mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa mafuta yaliyopo, watu wanakimbilia kununua sensa ya oksijeni, wakati sensa ndo iliyotoa taarifa! Tafuta hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa ya hewa, au mafuta yasiyotosha yaani filta na pampu.

Gari isiyo na soketi, tumia njia ya zamani. Ikiwa silensa, chomoa soketi ya injekta moja moja urudishe. Silinda nzima ukiichomoa injini inatetemeka zaidi, ukikuta moja ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika, ndo hiyo mvivu. Naona wengi wanachomoa waya wa plagi badala ya injekta, sishauri, shoti yake haichekeshi na kwa mifumo mingine unaua koili.

Toa plagi zote uzipange kwa mpangilio wake. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni salama. Nyeusi kavu kama masizi ni mafuta mengi au filta ya hewa imeziba, nyeusi yenye unyevu wa oili ni oili inapita, nyeupe kabisa ni joto kali au hewa nyingi, iliyoloa petroli haikupata moto. Moja ikiwa tofauti na wenzake ina maana kubwa kuliko zote zikiwa mbaya kwa pamoja.

Kila kitu kikiwa sawa na silinda moja bado mvivu, omba kompresheni ipimwe. Plagi zote zitoke, mafuta na moto vikatwe, pedali ya mafuta mpaka chini. Injini nyingi za petroli zenye afya zinasoma kati ya psi 120 na 180, ila muhimu zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda, isizidi kama asilimia 15. Iliyo chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, gasketi ya hedi imeungua katikati yao. Kwa dizeli mita hiyo haifai, presha yake ni kubwa mno.

Na kama haina nguvu ila haimisi, resi ziko vizuri ukiwa umesimama ila barabarani inabana, angalia filta ya mafuta alafu ekzosi iliyoziba.

HATUA YA 5: Moshi

Mweusi ni mafuta mengi. Wa bluu ni oili: ukitoka asubuhi kwa mpigo mmoja alafu unaisha ni sili za valvu, ukitoka kila unapokanyaga ni ringi. Mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto ni mvuke tu. Mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji yanaungua, nenda hatua inayofuata. Dizeli ikitoa mweupe ikiwa baridi na kutetemeka, ni mafuta yasiyoungua, cheki plagi za joto na nozeli.

HATUA YA 6: Inachemsha

Ikipanda geji, simama, zima, subiri. Usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto kwa sababu yoyote ile. Maji yaliyobanwa na presha ya bar 1 yanachemka kwenye karibu nyuzi 120 sio 100, ukifungua presha inaondoka na yote yanageuka mvuke usoni kwako.

Ikipoa, jiulize inachemsha wapi. Kwenye foleni tu, ukitembea inashuka? Hewa haipiti, ni feni: fyuzi, rilei, mota, swichi ya joto, au klachi ya feni kwa zile za kuzungushwa na injini. Kwenye mwendo au mlima tu? Maji hayapiti ya kutosha, rejeta imeziba, pampu ya maji imeliwa mapanga, au mpira wa chini unajibana ukipiga resi. Inapanda haraka sana dakika chache baada ya kuwasha? Themostati haifunguki: mpira wa juu wa moto na wa chini bado baridi kabisa. Itoe uitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa pamoja na kipimajoto, nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 90, namba imegongwa juu yake.

Hapa niseme kitu. Kuna tabia ya kutoa themostati na kuitupa "ili maji yapite vizuri". Gari inakuwa baridi muda wote, inakunywa mafuta, na tatizo halisi limefunikwa tu mpaka siku lirudi kubwa. Kama imetolewa, rudisha kwanza ndo uanze kutafuta. Na mfuniko wa rejeta wenye springi iliyolegea unatosha kabisa kuchemsha gari, ni wa bei ndogo kuliko vyote na unachekiwa wa mwisho.

Gasketi ya hedi inajionyesha hivi: maji yanapungua na hayavuji popote, mpira wa juu unakuwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja tu injini ikiwa bado baridi, mapovu yanatoka bila kukoma kwenye tanki la akiba, plagi moja imesafishika kuliko wenzake. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta, hewa ya silinda ikipita kinageuka njano. Mwambie fundi akifanye kabla hajafungua hedi. Na usihukumu kwa mapovu ya mara moja, kama maji yametoka kubadilishwa hewa nayo inabaki ndani.

Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine. Ikiwaka ukiwa unatembea, zima injini mara tu ukishasimama salama. Stiki ikionyesha oili ipo, pima presha kwa geji ya mkono kwenye tundu la swichi kabla ya kulaumu pampu, maana swichi yenyewe inakufa sana.

HATUA YA 7: Breki

Pedali laini kama sponji ina upepo. Pedali inayozama taratibu ukiikandamiza bila kuvuja nje, ni masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali) inavuja kwa ndani. Pedali ngumu sana: zima injini, kanyaga mara kadhaa mpaka ikaze, iendelee kukanyagwa, washa. Inatakiwa ishuke kidogo. Isiposhuka ni busta (kinachokusaidia nguvu ya kukanyaga) au paipu yake ya vakyumu.

Gari ikivuta upande ukishika breki, upande inakovutia ndo unaoshika zaidi, kwahiyo mgonjwa anaweza kuwa upande wa pili. Tairi moja ikiwa ya moto kuliko zote na nzito kuzungusha ukiinyanyua, fungua kidogo kile kinati cha kutolea upepo. Ikiachia, mpira wa breki umevimba ndani unazuia mafuta kurudi. Isipoachia, kalipa imekwama. Wengi wananunua kalipa wakati ni mpira.

HATUA YA 8: Milio ya chini na klachi

Tak-tak-tak ukikata kona mpaka mwisho ni CV jointi (kiungo cha ekseli kwenye gurudumu). Muungurumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukiyumbisha usukani ni beringi ya gurudumu. Ukizidi ukikata kushoto, shuku ya kulia maana ndo imebeba uzito. Nyanyua, weka stendi, shika tairi juu na chini utikise. Kuna mchezo (kulegea)? Mtu akanyage breki utikise tena, ukiisha ni beringi, ukibaki ni boli jointi. Mchezo wa kushoto-kulia ni tairodi endi. Gongo kwenye mashimo, anza na linki za stebalaiza na bushi, shokapu baadaye.

Klachi: hendibreki kaza, gia ya tatu, achia taratibu. Injini ikizima klachi inashika, ikiendelea kuzunguka inateleza. Mara moja inatosha. Mlio ukikanyaga ni beringi ya klachi, mlio unaoondoka ukikanyaga ni beringi ya gia boksi.

Na kama tatizo linakuja na kuondoka na ukifika kwa fundi gari inajifanya nzima, iwashe ikae silensa uanze kutikisa nyaya na soketi kundi moja baada ya jingine, mbali na feni na belti, mpaka ikohoe. Soketi iliyoikohoza, ifungue uangalie kutu ya kijani na pini zilizorudi nyuma. Isipokohoa, rekodi video yenye sauti siku litakapotokea, deshibodi ionekane, geji ya joto, resi na gia uliyokuwa nayo, alafu hiyo video pamoja na yale uliyoandika kwenye simu hatua ya 1 ndo umpelekee fundi, na umwambie ulichokwisha kupima ili asirudie.